Vifuko vya Kaniki

Kasha la Bibi lilifunguliwa siku ya pili baada ya arobaini yake, na harufu iliyotoka humo ilikuwa ya kafuri na leso zilizokaa miaka bila kuvaliwa. Tulikuwa watu wanne chumbani. Sufuria na vikombe vilikuwa vimekwisha kupata wenyewe kabla sijafika. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, nimechoka. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesahihisha madaftari ya darasa zima huko Kwale ninakofundisha Kiingereza, lakini uchovu wa kufiwa na mtu aliyekulea hauondoki kwa kulala, hata ungelala wiki.

Salim alikuwa ndiye anayetoa vitu. Salim ni mjukuu wa Babu Rashidi, mdogo wake babu yangu, kwa hiyo ni ndugu yangu, na nyumba zetu zilitazamana tangu tukiwa watoto. Alitoa leso moja baada ya nyingine, akazipanga vizuri juu ya mkeka, halafu ghafla akauvuta mkono wake nje ya kasha. Chini kabisa palikuwa na kifuko cheusi cha kaniki, ukubwa wake kama kiberiti, kimeshonwa pande zote na kuzungushiwa uzi mwekundu.

Shangazi yangu na binti yake, waliokuwa wamekaa karibu na kasha, walisogea nyuma mpaka migongo yao ikagusa ukuta. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma, na ndiye niliyelala chumba hicho utoto wangu wote.

"Mwalimu," Salim akaniuliza kwa sauti ya chini, "hiki ni kitu gani?"

Nilikuwa nakijua kifuko kile. Nilikishona kwa mikono yangu.

Nililelewa na Bibi nyuma ya Msambweni, kwa sababu mama yangu alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani na alikuja nyumbani siku moja tu kila baada ya wiki mbili. Tulikuwa wawili nyumbani, tukitegemea minazi sita. Nazi zake tulizikuna tukapikia wali na samaki, zilizozidi Bibi aliziuza kwa wanawake wa sokoni, na makuti tulisuka tukaezekea nyumba. Mtu akiniuliza utoto wangu ulikuwa na harufu gani, nitamwambia harufu ya tui linalochemka, na ya makumbi ya nazi yanayofuka moshi chini yake.

Minazi ile aliipanda Bibi mwenyewe alipoolewa, akaichotea maji kisimani kwa kichwa misimu miwili ya kiangazi. Lakini shamba lilikuwa la Babu na ndugu zake. Kwetu ardhi na mti si kitu kimoja. Ardhi yaweza kuwa ya huyu, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule aliyeupanda, na wote wawili wakaishi kwa salama na kusaidiana. Shida huanza mmoja akifa. Babu alipofariki, Babu Rashidi alikaa mwaka mzima bila kusema neno, kisha akaanza kusema kwamba minazi ya marehemu kaka yake imekuwa mirefu. Bibi alijibu kwamba marehemu hakupanda hata mgomba. Watu walicheka, Babu Rashidi hakucheka, na tangu siku hiyo alikuwa akipita uani kwetu akiitazama minazi badala ya kututazama sisi.

Mnazi wa saba ulikuwa wangu. Nilipozaliwa kitovu changu kilizikwa pale na mche ukapandwa juu yake, kama tulivyofanyiwa wengi, na huo haukuwa na ugomvi na mtu. Hata Babu Rashidi aliuita mnazi wa Mwanasha. Nilijivuna nao sana, ingawa ulikuwa haujazaa bado na kimo chake kilikuwa karibu sawa na changu.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu mpya kutoka bara, Madam Nekesa, mwanamke mwembamba aliyetembea haraka na kuongea haraka, akichanganya Kiingereza na Kiswahili mpaka nusu ya darasa ikawa inabaki nyuma. Siku moja aliandika ubaoni jina la mtu na jina la kitu. Kisha akachukua chaki nyekundu, akatia alama ndogo juu, kimkia kilichojikunja, na baada yake herufi moja ya s. Akasema hicho ndicho kinachomfunga mtu na mali yake. Ukiandika bila hicho, akasema, unaacha mtu huku na kitu kule, na hakuna ajuaye nani mwenyewe.

Wenzangu waliona somo. Mimi niliona dawa ya minazi yetu. Nilikuwa mtoto, na Kiingereza kilikuwa lugha ya barua za serikali, vyeti vya hospitali na vibao vya hoteli alikofanya kazi mama yangu. Nilijua kwamba kitu kikiandikwa kwa Kiingereza watu hawakibishii. Niliona ajabu kwamba Bibi na Babu Rashidi wamegombana siku zote hizo na kumbe jambo lenyewe lilihitaji kimkia tu.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kukata kadi kumi za manila, kuandika juu ya kila moja kitu na mwenyewe, kisha kuifunga kadi kwenye kitu hicho. Ijumaa tungezikusanya na kuzirudisha shuleni zikiwa kavu na safi. Madam Nekesa alikazia hilo la kavu na safi. Kadi tatu nilizimaliza mara moja, kinu, mkeka na mbuzi ya kukunia nazi, nikazining'iniza mlemle jikoni. Saba zilizobaki zilikuwa za minazi, na masika yalikuwa yameanza. Ningefanyaje kadi saba zikae nje mvuani mpaka Ijumaa na zisilowe?

Bibi alikuwa na kipande cha kaniki kuukuu alichofungia kichwa akienda shamba. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza, kwa sababu alikuwa mtu asiyeuliza mambo ya shule. Nikakunja kila kadi, nikaishonea kifuko, nikakipaka nta ya mshumaa ili maji yasipenye. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mwekundu. Kaniki ilitosha vifuko sita. Cha saba, cha mnazi wangu, nilikishona kwa pindo la leso ya maua. Jioni ile Bibi alipokuwa kwa jirani aliyejifungua, nilizunguka nikifunga kifuko kimoja kwenye kila shina, usawa wa kifua changu, na kila nilipokaza fundo nilisoma kwa sauti yale niliyoandika ndani. "Bibi's tree." Mara sita.

Wasomaji wa pwani wameshaona nilichokuwa nafanya. Sisi tuna kitu kiitwacho kago, ile dawa inayofungiwa shamba ili mwizi akigusa tunda tumbo limvimbe, na kago mara nyingi huja katika kitambaa cheusi na uzi mwekundu. Mtu wa kwetu akiona kifuko kama hicho mtini hasogei kukichunguza. Anapita mbali, na akifika nyumbani anawaambia watoto wake. Nami nilikuwa nimeyasikia hayo mambo tangu kuzaliwa, lakini hayakunijia hata kidogo, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa shuleni.

Siku ya pili watu waliokuwa wakikatiza uani kwetu kwenda kisimani walianza kuzunguka kwa nyuma. Wanawake walimsalimu Bibi kwa adabu isiyo ya kawaida. Juma, mkwezi aliyekuwa akiangua nazi kijiji kizima, alitumwa na Babu Rashidi aje apande minazi yetu bila Bibi kuulizwa. Alifika na kamba yake begani, akautazama mnazi wa kwanza, akautazama wa pili, akageuka akaenda zake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu. Nilifikiri wanaheshimu Kiingereza. Wallahi nilifikiri hivyo, na furaha niliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena, hata siku nilipohitimu ualimu.

Nilimwonyesha Bibi mwenyewe. Nilimwambia ni kazi ya shule na ndani mna jina lake. Alisimama mbele ya mnazi mikono kiunoni, akakitazama kifuko muda mrefu, akatazama njia mpya ambayo watu walikuwa wameikanyaga kwa nyuma ya nyumba. Akaniambia niviache palepale, nisivitoe. Nikamkumbusha habari ya Ijumaa. Akasema Ijumaa zipo nyingi.

Basi Ijumaa ile nilipeleka shuleni kadi tatu za jikoni, nikapewa tatu kati ya kumi.

Yangeweza kukaa hivyo, nadhani, lau si dafu. Dafu lilianguka usiku kwa upepo chini ya mmoja wa minazi ile, na asubuhi Salim, aliyekuwa rika langu na hakuacha kitu chochote kilichoweza kuliwa, aliliokota akalinywa na kulikomba. Siku hiyohiyo alikuwa pia ameshindilia maembe mabichi kwa chumvi, nililiona hilo kwa macho yangu, lakini nani alikuwa akiniuliza? Jioni tumbo lilimvimba. Alilia mpaka tukamsikia kwetu. Mama yake alikuja akasimama mpakani mwa ua, hakuingia, akamwita Bibi jina ambalo sikuwahi kusikia mtu akimwita. Alimwita mchawi.

Neno hilo kwetu si tusi la kupita. Likimkaa mzee, humkaa. Sikujua hivyo wakati ule, ila niliona uso wa Bibi, na nikaona kwamba hakujibu. Mimi niliogopa kwa ajili yake, na usingizi ukaniruka.

Salim alianza kupata nafuu kesho yake, lakini maneno yalikwisha kutoka. Babu Rashidi alimshtaki Bibi kwa mzee wa kijiji, na siku ya tatu baada ya swala ya Alasiri watu wakakusanyika barazani mwa msikiti. Wanaume walikaa juu, wanawake chini upande wa kisima. Vifuko sita vya kaniki vilikuwa vimekatwa mitini kwa ncha ya panga lililofungwa kwenye fimbo ndefu, maana hakupatikana mtu wa kuvigusa kwa mkono, vikaletwa ndani ya ungo. Cha leso hakuna aliyekijali. Ustadh wetu, mzee mfupi asiyeogopa vitu vya namna hiyo, alisema kabla ya kumtuhumu mwanamke mtu mzima ni vizuri tujue ndani mna nini. Akasoma Bismillahi, akachukua wembe, akapasua kimoja.

Watu wa mbele walirudi nyuma. Ustadh alitarajia kutoa kucha au manyoya, nadhani, akatoa kipande cha manila ya buluu. Alikigeuza. Akampa mzee wa kijiji, naye akakigeuza. Akasema haya si maandishi ya Kiarabu. Akauliza nani pale anajua kusoma lugha hii.

Bibi alikuwa amekaa miguu yake ameikunja, leso ameifunga mpaka kidevuni. Nilimtazama. Naye alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja tu. Nimelirudia tendo hilo moyoni zaidi ya jambo lolote jingine la utoto wangu. Nilifikiri ananiambia nisiogope. Nikainuka, nikapita katikati ya wakubwa, nikaichukua kadi, nikasoma kwa sauti yangu ya darasani, kisha nikawafasiria. Mti wa Bibi. Nikawaambia ni kazi ya Madam Nekesa, kaniki ni kwa sababu ya mvua, na uzi ni mwekundu kwa sababu sikuwa na mwingine.

Kwanza walitazamana. Kisha Juma mkwezi akacheka, na baraza zima likaangua kicheko, wanawake kwa wanaume, mpaka Ustadh mwenyewe akajifuta macho kwa kanzu. Mama yake Salim alimjia Bibi akamshika mikono akamwomba radhi. Jina lile baya liliondoka siku ile na halikurudi. Nilijiona shujaa. Mzee wa kijiji alisema basi, imekwisha, na habari ya minazi yenyewe ni ya nani tutaizungumza siku nyingine. Ustadh alimrudishia Bibi ule ungo na vilivyomo, akisema ampe mjukuu wake alama zake zote.

Ile siku nyingine haikufika mpaka leo.

Kulipokucha Juma alikuja na kamba yake. Hakuwa na sababu ya kuogopa tena. Alipanda wa kwanza, akapanda wa pili, akaimaliza yote sita kabla jua halijawa kali, na Babu Rashidi alisimama chini akiwaelekeza vijana pa kurundika nazi. Walipomaliza, uani kwetu palibaki makuti yaliyovunjika na harufu ya utomvu. Bibi hakutoka nje. Alikuwa jikoni akipika uji. Nilimfuata nikakaa karibu na meko, nikingoja aniambie kwamba nimemwokoa.

"Ungenyamaza, Mwanasha," akasema, bila ukali. "Wangeniogopa mwaka mmoja tu. Ningekula nazi zangu."

Nikamwambia walikuwa wakimwita mchawi.

"Walikuwa wakiniita. Lakini hawakuwa wakipanda."

Akanimiminia uji. Haukuwa na tui.

Tangu siku ile tulinunua nazi dukani. Bibi aliyepanda minazi sita alikwenda dukani na kikapu kama mgeni aliyehamia juzi, na mwenye duka akimchagulia zile ndogo. Mimi niliendelea na masomo, Kiingereza kikawa ndicho ninachokijua kuliko vyote, na sasa ndiyo kazi yangu. Kila mwaka nafika kwenye somo lile. Naandika jina, naandika kitu, natia kimkia. Watoto wananakili. Baadhi yao wanakiweka mbele, baadhi nyuma, wengine wanakitia kwenye kila neno lenye s kama chumvi, na mimi nazungusha wino mwekundu daftari baada ya daftari mpaka macho yanauma. Siwaambii kwamba kinamfunga mtu na mali yake. Nawaambia kiwekwe wapi, basi.

Nimejiuliza kama nilikosea. Nikiwa mtu mzima nimejua yanayowapata wazee waliokaliwa na jina lile katika vijiji vyetu, nimehudhuria mazishi ya mmoja wao, na siku kama hizo husema moyoni kwamba nilifanya vyema kuinuka. Kisha namkumbuka Bibi na kikapu chake dukani, na husema kwamba hapana, yeye alijua hesabu ya maisha yake kuliko mimi. Sijapata jawabu na sasa sina nguvu za kulitafuta. Yeye hakunitajia tena habari ile. Vile vifuko vilivyobaki nilidhani alivitia motoni siku ileile.

Minazi sita ilikwisha mmoja mmoja. Babu Rashidi alikufa, watoto wake wakauza miwili ikapasuliwa mbao, mingine ikaliwa na wadudu. Uliobaki ni ule wangu, na Salim, ambaye shamba lote sasa ni lake, alikuwa amekwisha kuniambia asubuhi ile, kwa adabu, kwamba anataka kuukata. Amepata mnunuzi wa kiwanja kutoka Ukunda na ukuta utapita palepale. Nilimwambia kitovu changu kimo chini yake. Akasema anajua, dada, lakini mambo yamebadilika. Nje alikuwa ameshamweka kijana na msumeno wa injini, akingoja tumalize ya ndani.

Na sasa alikuwa amesimama mbele ya kasha la Bibi, mtu mzima mwenye ndevu, akiogopa kipande cha kaniki nilichokishona kwa ajili ya mvua. Alikuwapo barazani siku ile, lakini alikuwa mtoto mgonjwa, amelala mapajani mwa mama yake. Yeye alilikumbuka tumbo lake, na baraza sidhani kama alilikumbuka. Shangazi alikuwa ameolewa Lunga Lunga siku zile, na binti yake hakuwa amezaliwa. Pale chumbani hapakuwa na mtu wa kuinuka na kusoma isipokuwa mimi.

Niliinama nikakiokota kwa mkono mtupu. Shangazi akavuta pumzi. Nta ilikuwa bado imekaza. Bibi alikiweka chini ya vitu vyake vyote miaka hii yote, hakukichoma na hakukifungua, na nilipokishika ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

"Mwalimu," Salim akasema tena. "Ndani mna nini?"

Nje kijana alianza kuujaribu msumeno, ukanguruma ukazima. Nilijipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Mna jina la Bibi," nikamjibu.

Niliuona mkono wake ukienda tumboni, taratibu, ukatulia hapo. Nilimpita nikatoka uani na kifuko changu, nikaenda mpaka kwenye mnazi, nikakifunga usawa wa kifua, mafundo mawili. Nyuma yangu nilimsikia Salim akimwambia kijana afungashe msumeno wake, leo hakuna kazi.